Baada ya nokturni za Chopin nielekee wapi? Natafuta rekodi nzuri za piano za watunzi wasiosikika sana

Kinanda_Katuba aliandika:

Jambo sana kwenu wote. Mimi ni mpiga kinanda wa parokia, huku Katuba, Lubumbashi. Misa na mazoezi ya kwaya ndiyo kazi yangu, lakini moyo wangu uko kwenye piano ya peke yake, ile isiyosindikiza mtu. Sista aliyenifundisha alinianzishia sonatina za Clementi, Opus 36 (yaani kazi yake namba 36), kama wanavyoanzishiwa wanafunzi wengi, kisha akanipa diski ya nokturni za Chopin, vile vipande vya piano vya utulivu wa usiku, zinazopigwa na Arthur Rubinstein. Nimeisikiliza mpaka najua mahali pa kila pumzi.

Sasa nataka kuvuka ng'ambo. Nimekuta majina mengi ya watunzi: Hummel, Field, Dussek, Moscheles, Kalkbrenner, Alkan, Farrenc. Nikajaribu koncherto ya Hummel, piano na okestra, ya la ndogo (A minor), rekodi ya kwanza iliyojitokeza kwenye simu. Gamu, zile ngazi za nota, zinapanda, gamu zinashuka, okestra inaitikia, gamu tena. Niliizima kabla haijafika katikati.

Shida yangu ni hii: nitajuaje kama kilichonichosha ni mtunzi au ni mpigaji? Kwa Chopin nina wapigaji wengi wa kulinganisha. Kwa hawa wengine sina kitu, nasikia rekodi moja tu na hiyo moja inanihukumia mtunzi mzima. Naomba mwenye masikio yaliyokomaa anielekeze: nianze na nani, na nimsikilize akipigwa na nani? Mega za intaneti tunanunua kwa shida, siwezi kufungua kila kitu nikabahatisha.

Fasola_Likasi alijibu:

Mdogo wangu, ushauri wangu ni mfupi. Baki na wakubwa. Beethoven ana sonata 32, na sidhani umezimaliza. Mtafute Artur Schnabel, ndiye wa kwanza kurekodi zote, London, kati ya 1932 na 1935. Sauti ina mikwaruzo na kuna nota anazikosa, lakini sehemu zake za polepole hakuna aliyezishinda. Hao uliowataja hawachezwi kwa sababu. Wakati umepepeta, na kilichobaki kwenye ungo ndicho chakula.

MwalimuSolfa_Lshi alijibu:

Baba Fasola, Schnabel wako nampenda na sonata 32 ni shule ya maisha. Ila hilo la ungo siwezi kuliacha lipite. Kuna nafaka ambayo haikuwahi kufikishwa kwenye ungo. Fanny Hensel, dada yake Felix Mendelssohn, alitunga mwaka 1841 mfululizo mzima wa vipande vya piano, kimoja kwa kila mwezi wa mwaka, akauita *Das Jahr*. Ulichapishwa mara ya kwanza 1989. Kwa karibu miaka 150 hakuna mpiga piano aliyeweza kuununua dukani hata angeutaka. Wakati ulipepeta nini hapo?

Kinanda, mwanangu, nimefundisha solfa na piano hapa Lubumbashi muda mrefu, na neno lako kwamba rekodi moja inamhukumu mtunzi mzima ndilo ninalotaka kulishika. Nokturni ya Chopin ya Opus 9 namba 2 tayari unayo kichwani. Akija mtu akaipiga vibaya, kumbukumbu yako inamsahihisha, na Chopin anatoka salama. Hummel hana mlinzi wa namna hiyo. Akipigwa vibaya, kwako ndiyo basi. Kwa hiyo kwa mtunzi asiyejulikana chagua mpigaji kwa uangalifu mkubwa kuliko unavyofanya kwa Beethoven. Watu wengi wanafanya kinyume: kwa Beethoven wanabishana usiku kucha kuhusu Schnabel na Kempff, kwa Hummel wanachukua chochote.

Usianze na Hummel. Anza na Clementi, kwa sababu vidole vyako vinamjua tayari, na unachokijua wewe ni mlango wa nyuma tu wa nyumba yake. Zile sonatina ni za wanafunzi. Sonata zake za watu wazima ni jambo jingine. Vladimir Horowitz alirekodi tatu mwaka 1954, akiwa nyumbani kwake New York, katika miaka ile aliyokuwa amejiondoa jukwaani. Tafuta ile ya fa-dieze ndogo (F-sharp minor), halafu nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya pili, ya polepole. Utashangaa kwamba ni mtu yuleyule wa Opus 36. Hakuna gamu ya kujionyesha. Kuna mtu anayeongea kwa uchungu, anasita, anarudia sentensi yake kwa sauti ya chini.

Clementi aliharibiwa jina na Mozart, na hili linaniuma. Tarehe 24 Desemba 1781 kaisari Joseph II aliwashindanisha wawili hao mbele yake mjini Vienna. Baadaye Mozart akamwandikia baba yake kwamba yule Mwitaliano ana vidole lakini hana hisia. Barua ya mtu mkubwa inasafiri mbali. Mpaka leo walimu wanampa Clementi mtoto wa mwaka wa pili na hawamrudii tena. Baada ya Horowitz msikilize Howard Shelley, aliyerekodi sonata zake zote kwa kampuni ya Hyperion. Horowitz anamvuta Clementi upande wa Beethoven, kila kitu kina giza na radi. Shelley anamwacha karibu na Haydn, kidole chepesi, sentensi fupi. Sikiliza sonata hiyohiyo kwa wote wawili. Kile ambacho wote wawili wanakitoa ni cha Clementi. Kile anachokitoa mmoja tu ni chake mwenyewe. Hicho ndicho kipimo ulichoniomba.

Kutoka hapo nenda kwa John Field, mwanafunzi wa Clementi. Mtoto wa Dublin, kazaliwa 1782. Clementi alikuwa na biashara ya piano London, na kijana Field ndiye alikuwa akikaa kwenye piano kuwapigia wateja wasikie ubora wake. Mwaka 1802 mwalimu akamchukua mpaka Urusi, naye akabaki huko. Alifariki Moscow 1837. Nokturni zake za kwanza zilitoka 1812, wakati Chopin ana miaka miwili. Jina na umbo lote, mkono wa kulia ukiimba juu ya mkono wa kushoto uliotandazwa kwa pedali, ni kazi ya Field. Liszt alimheshimu kiasi cha kuzihariri nokturni hizo na kuziandikia dibaji.

Hapa masikio yako yaliyolelewa na Rubinstein yatakusaidia, na pia yatakudanganya. Yatakudanganya kwa sababu utangoja dhoruba ya katikati, na Field mara nyingi hana dhoruba. Ukimngoja Chopin utasema Field ni maji matupu. Sikiliza namba 5, ya si-bemoli (B-flat). Kafupi sana. Mtafute John O'Conor, mwenzake wa Dublin, au Benjamin Frith, wa kampuni ya Naxos. Mara ya kwanza fuata melodi kama kawaida. Mara ya pili isahau melodi kabisa, ukae na mkono wa kushoto tangu mwanzo hadi mwisho. Kama mpigaji ni mzuri, mkono wa kushoto peke yake utakuonyesha sentensi inaanzia wapi na inapumua wapi: nota ya chini inabeba uzito, zile za juu yake zinalegea kidogo, harmonia ikibadilika anakufahamisha bila kupaza sauti. Kama mkono wa kushoto ni uleule kutoka baa ya kwanza mpaka ya mwisho, funga. Huyo amemchukulia Field kama kazi rahisi.

Usijipime kwenye kinanda cha parokia kisicho na pedali. Mkono wa kushoto wa Field bila pedali unakatikakatika, utadhani umekosea mtunzi.

Baada ya hao wawili ndipo umrudie Hummel. Alizaliwa 1778 Pressburg, mji unaoitwa leo Bratislava, na utotoni aliishi nyumbani kwa Mozart mwenyewe akifundishwa. Zile gamu zilizokuchosha ziliandikwa kwa piano za Vienna za wakati ule, nyepesi kubonyeza, sauti yake inakufa upesi, kila nota inasikika imesimama yenyewe. Ukizihamishia kwenye piano kubwa ya leo na mguu haubanduki kwenye pedali, zinarundikana. Stephen Hough aliirekodi hiyo koncherto ya la ndogo pamoja na ile ya si ndogo, miaka ya 1980, na English Chamber Orchestra chini ya Bryden Thomson, kwa kampuni ya Chandos. Kwake kila gamu ina mahali inapotoka na mahali inapokwenda. Anaipiga kama mtu aliyekaa na Mozart mezani. Ukimaliza, weka koncherto ya Chopin ya mi ndogo. Udugu wao hutahitaji kuonyeshwa.

Alkan mwache kwanza. Nampenda sana, ila si wa kuanzia. Katika Opus 39, iliyotoka 1857, ameandika koncherto ya piano moja bila okestra: piano hiyohiyo inakuwa okestra, kisha inakuwa mpigaji. Sehemu ya kwanza peke yake inakaribia nusu saa. Siku ukiwa tayari, Marc-André Hamelin, Hyperion, 2007. Mwingine yeyote baadaye.

Kinanda_Katuba aliandika:

Mama Mwalimu, wafwako, asante sana. Nimefanya kama ulivyosema. Clementi wa Horowitz nimemsikiliza usiku umeme ulipokatika, simu peke yake ndiyo ilikuwa na uhai nyumbani, na ile sehemu ya polepole nikairudia na kuirudia. Siamini ni yule wa sonatina.

Field namba 5 nimewapata O'Conor na mwingine ambaye simjui. Kwa huyo mwingine mkono wa kushoto ulikuwa unahesabu tu. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, melodi juu yake nzuri lakini haina mahali pa kukalia. Kama usingenionyesha nisingelijua kwa nini sikumpenda, ningesema tu Field hana kitu.

Maswali mawili yamebaki. Hyperion umeitaja mara mbili, hao ni nani, na rekodi zao zinapatikana kwenye simu? Na la pili: kati ya watunzi wa wakati ule yuko mwenye damu ya Afrika aliyeandikia piano?

Bafle_Kampemba aliandika:

Ndugu yangu, hilo la simu nakujibu mimi. Hyperion ni kampuni ya Uingereza. Zamani ulikuwa huwezi kuwapata kwenye programu za kusikilizia muziki, walikuwa wanauza diski na mafaili kwao wenyewe tu. Mwaka 2023 walinunuliwa na Universal, na tangu hapo rekodi zao zikaanza kuingia huko. Kwa hiyo ndiyo, zinapatikana.

Kuhusu mega: acha video. Sikiliza sauti peke yake, na kwenye mipangilio chagua ubora wa kilobiti 96. Saa moja itakula kama mega 43. Ukiacha kwenye 320 saa hiyohiyo ni mega 144. Kwa piano ya peke yake, tena rekodi ya zamani kama Schnabel, tofauti utaisikia kidogo sana. Kwa okestra panda kidogo, 128 inatosha. Na tafadhali usisikilizie kwenye spika ya simu. Ile nota ya chini anayoizungumzia Mama Mwalimu, spika ya simu haiwezi kuitoa kabisa. Spika za masikioni za bei ndogo zinaishinda.

Fasola_Likasi aliandika:

Nimemsikiliza Hough kwenye Hummel, kwa heshima ya Mama Mwalimu. Vidole ni safi, sikatai, na sehemu ya polepole inayoelekea kwenye mwisho ni nzuri kweli. Lakini ile sehemu ya mwisho bado inazunguka. Beethoven akipewa wazo dogo analibana mpaka litoe kila kitu. Hummel akipewa wazo analivalisha mapambo, akimaliza analivalisha mengine. Hilo si kosa la mpigaji.

Kuhusu *Das Jahr* nimenyamaza. Hilo sikulijua.

MwalimuSolfa_Lshi alijibu:

Baba Fasola, sehemu ya mwisho ya ile koncherto ni ndefu kuliko mawazo yake, hapo tuko pamoja. Hough anaibeba mpaka mwisho lakini uzito uko palepale. Sikusema kila mtunzi aliyesahauliwa ni Beethoven aliyefichwa. Nilisema asihukumiwe kabla hajapigwa na mtu anayemwamini. Jaribu sonata yake ya fa-dieze ndogo, Opus 81, ya 1819, Hough ameirekodi pia. Humo mapambo yamepungua na hasira imeingia. Robert Schumann alipokuwa kijana alihangaika nayo sana kwenye piano yake. Ukiisha kuisikiliza rudi uniambie kama bado anazunguka.

Na *Das Jahr* usikae kimya nayo, isikilize. Lauma Skride wa Latvia ameirekodi yote. Anza na Septemba: maji yanatiririka kwenye mikono yote miwili na wimbo umefichwa katikati, kidole gumba kinaimba huku vingine vinapita juu yake. Mpigaji asiye na subira atakupa maji bila wimbo. Skride anakupa vyote. Mume wake Fanny, Wilhelm Hensel, alikuwa mchoraji, na nakala safi ya miezi hiyo iliandikwa kwenye karatasi za rangi, kila mwezi una mchoro wake. Kinanda, wewe uliyetaja Farrenc, yeye pia fuatilia. Louise Farrenc alifundisha piano kwenye Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, kuanzia 1842, miaka thelathini, na etyudi zake, vipande vya mazoezi, za Opus 26 zimepita katika toni zote, kubwa na ndogo. Ni mazoezi ambayo hayaoni haya kuwa muziki.

Sasa swali lako la pili, ambalo nimelingoja. Ni wa baadaye kidogo, lakini yuko: Samuel Coleridge-Taylor. Alizaliwa London 1875, mama Mwingereza, baba daktari kutoka Sierra Leone. Alifariki 1912, hajafika hata miaka arobaini. Mwaka 1905 alitoa vipande 24 vya piano juu ya nyimbo za watu weusi, Opus 59. Nyingi ni nyimbo za watumwa wa Marekani na wajukuu zao, lakini vya kwanza vimejengwa juu ya nyimbo za Afrika yenyewe. Baadhi ni za Waronga, kule kusini mwa Msumbiji, zilizoandikwa na mmisionari wa Uswisi, Henri-Alexandre Junod. Kila kipande kinatanguliwa na wimbo wenyewe ukiwa uchi, mstari mmoja tu wa nota, kisha piano inaingia kuufanyia kazi. Kwa hiyo unaweza kumkagua mtunzi kwa macho: hiki alipewa, hiki ameongeza.

Na alichoongeza ni cha Kiromantiki kabisa, mtindo wa Ulaya wa karne ya 19, akodi nzito, mkono wa kushoto mpana, karibu na Brahms na Dvořák aliowapenda. Wapo wanaosema amezivalisha nyimbo zetu koti la Ulaya. Mimi nazisikia vingine. Wimbo wa kuitikiana unabaki wa kuitikiana: sauti moja inaanza, kundi linajibu, na yeye analinda nafasi ya wale wanaojibu, haijazi kwa mbwembwe. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye kwaya ya mitaa yetu ya Lubumbashi, Katuba, Kenya au Kamalondo, anajua kundi linapaswa kuingia wapi, na Coleridge-Taylor analiingiza hapohapo.

Wapigaji: Frances Walker, Mmarekani mweusi aliyefundisha Oberlin, alivirekodi miaka ya 1970. Ana mkono mzito penye uzito, na hana haraka. Huyo ndiye wa kutafuta kwanza. Isata Kanneh-Mason amepiga vichache kwenye albamu yake ya 2021, kwa sauti inayong'aa zaidi, rekodi ya kisasa, na kwa mega chache utampata upesi zaidi kuliko Walker. Sikiliza wote wawili kwa kipande kimoja, kama ulivyofanya kwa Clementi.

Nota za Opus 59 ziko huru kwenye IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, maana mtunzi amefariki zamani. Faili ni dogo. Lipakue, lichapishe mjini, na usipige kitu kwanza: imba ule mstari wa juu kwa solfa, na wanakwaya wako waitikie. Ukishajua kundi linaingilia wapi, chagua kipande kimoja uniandikie hapa ni kipi, tupange vidole.

Kinanda_Katuba aliandika:

Nimelipakua sasa hivi. Alhamisi kwaya ina mazoezi, nitawaimbisha ule wa kwanza, kisha narudi hapa na swali la vidole. Aksanti, Mama.